Enzi za Maandishi Mekundu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Excel na Stata zilikuwa haziivi chungu kimoja. Ukiiagiza Stata ifungue faili la madodoso ya kaya lililochapwa kwenye Excel, jibu lilikuja kwa maandishi mekundu, namba ya kosa ikiwa ndani ya mabano, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikuwa kijana wa takwimu kwenye mradi wa afya ya mama na mtoto, ofisi ikiwa Mwanza na madodoso yakitoka vijiji vya Kanda ya Ziwa. Barua yangu ya ajira ilisema nitafanya uchambuzi. Muda wangu mwingi haukwenda huko. Ulikwenda kwenye kulibembeleza faili lifunguke.

Kila mtu alikuwa na mbinu yake. Wapo waliochagua jedwali zima kwenye Excel, wakanakili, wakaenda kubandika kwenye dirisha la data la Stata. Ukianza kubandika kisanduku kimoja chini ya panapotakiwa, majina ya safu yanashuka na kugeuka sehemu ya data. Wapo waliohifadhi kwa CSV, yaani maandishi matupu yenye mkato kati ya safu na safu, kisha wakayasoma kwa amri iliyoitwa insheet. Na ilikuwepo Stat/Transfer, programu ya kulipia ambayo kazi yake ilikuwa hiyo tu: kuchukua data ya programu moja na kuivalisha umbo la programu nyingine. Kwetu leseni ilikuwa moja, kwenye kompyuta ya mkuu wa kitengo. Jumatatu asubuhi, mafaili ya wiki yakishafika, ungewakuta watu mlangoni kwake wameshika disketi, baadaye flashi, na virusi vya kompyuta vikisafiri humo humo bila nauli.

Sababu za kukataliwa zilikuwa chache, na mtu akikaa ofisini msimu mmoja anazijua zote. Excel bado imelishikilia faili lile lile nyuma ya dirisha jingine: Stata inasema halifunguki. Kuna data ya zamani hujaifuta: Stata inakataa kuingiza mpya isije ikaifunika. Kumbukumbu haitoshi: kabla ya toleo la 12 ilibidi wewe mwenyewe uiambie itenge kumbukumbu kiasi gani, ndipo ufungue faili kubwa, ukitenga kidogo inagoma katikati ya safari, ukitenga kupita uwezo wa mashine inagoma hapo hapo. SPSS nayo, hadi toleo lake la 12 la mwaka 2003, haikutaka jina la safu lizidi herufi nane. Fikiria dodoso la Kiswahili lenye "umri_wa_mama" na "umri_wa_mtoto". Kata kwenye herufi ya nane, yote mawili yanabaki "umri_wa_".

Halafu mapambo. Makarani wetu walikuwa watu wa heshima na waliona aibu kutoa jedwali lisilo na kichwa cha habari. Kwa hiyo juu ya data kulikuwa na seli kumi zilizounganishwa zikitangaza taarifa ya robo ya tatu kwa herufi kubwa, chini yake mstari mtupu wa kupumulia, kisha majina ya safu, na mwisho kabisa neno JUMLA. Programu ya takwimu haijui heshima hizo. Ilichukua tangazo ikalifanya jina la safu, na JUMLA ikaifanya kaya.

Najua haya yanasikika kama malalamiko, lakini kukataliwa kule kulikuwa na wema wake. Kosa lilijitaja. Hakuna aliyeondoka ofisini akidhani kazi imekwisha wakati skrini ni nyekundu.

Mkuu wa kitengo alikuwa mama aliyeanza kazi na dBase kwenye kompyuta za DOS, na juu ya meza yake palikuwa na kaunta buku. Kila boksi la madodoso likishushwa kwenye gari, aliandika kijiji, jina la mdadisi, idadi ya madodoso, namba ya kwanza na namba ya mwisho. Ukimpelekea habari kwamba data imeshaingia, hakuuliza umetumia njia gani. "Mwanangu, mistari mingapi?" Ukitaja idadi isiyolingana na kitabu, uchambuzi unasubiri. Wasomi waliotoka vyuo vya nje walimwona mshamba kidogo. Yeye aliendelea kupiga rula chini ya kila wiki.

Mwaka 2007 Excel ikaja na umbo jipya la faili. Lile la zamani lilikuwa na mistari 65,536 na safu 256. Jipya likafika mistari 1,048,576 na safu 16,384. Kwa muda mrefu kazi yetu ikawa kuwapigia watu simu tukiwaomba wahifadhi kwa umbo la zamani, kwa sababu programu zetu zilikuwa hazijalijua jipya. Kisha mwaka 2011 Stata 12 ikatoka na amri ya kuisoma Excel moja kwa moja, na kumbukumbu ikawa inajipangia yenyewe. Unachagua faili, unaona sampuli ya data kabla hujaiingiza, unabonyeza, imeingia. Kwa upande wa R, ambako hapo kabla mara nyingi ulihitaji Java au Perl kwenye mashine ndipo ulifungue faili la Excel, mwaka 2015 kikaja kifurushi cha readxl kisichohitaji vyote hivyo. Foleni ya mlangoni ikaisha. Maandishi mekundu yakaadimika. Mama akastaafu, na kaunta buku yake ikaingia stoo pamoja na maboksi.

Kazi yangu ikawa ngumu zaidi, jambo ambalo wakubwa hawakulielewa kwa urahisi. Programu mpya zina adabu ya mgeni mzuri: zinapokea kila zinachopewa, hazihoji kimepikwaje. Faili linafunguka. Jedwali la matokeo linatoka, lina nyota zake za uhakika, linakwenda kwenye ripoti. Kama kuna kosa, limekaa ndani kimya.

Chukua tarehe. Excel huandika tarehe kwa macho ya binadamu tu. Ndani yake kuna hesabu ya siku. Tarehe 1 Januari 2009 kwake ni 39814. Stata nayo huhesabu siku, lakini kuanzia 1 Januari 1960. R huanzia 1970. SPSS huhesabu sekunde tangu Oktoba 1582, kalenda ya Gregori ilipoanza. Sasa safu ya tarehe za kuzaliwa ikiwa na neno moja "hajui" katikati, huenda ukaipata yote kama maandishi, na mahali pa tarehe pameandikwa 39814. Mtu mwenye haraka akiyageuza kuwa namba na kuitangazia Stata kwamba hiyo ni tarehe, mtoto wa Mwaka Mpya 2009 anazaliwa tarehe 2 Januari 2069. Kosa hilo halina hatari. Watu hulicheka, wanapunguza siku 21,916, maisha yanaendelea. Hata lile la Excel za zamani za Mac, zilizoanza kuhesabu 1904 badala ya 1900 na kumrudisha mtu nyuma miaka minne na siku moja, huonekana mapema kwa sababu linawagusa watu wote kwa kipimo kimoja.

Linalotisha ni la tatu Aprili. Kompyuta mpakato zetu nyingi zilikuja na mipangilio ya Marekani na hakuna aliyeigusa. Karani akiandika 3/4/2009 akimaanisha Aprili, mashine inahifadhi tarehe 4 Machi. Akiandika 25/4/2009, mashine inatafuta mwezi wa ishirini na tano, haiupati, inaiacha kama maandishi. Data ikishaingia kwenye programu ya takwimu, kila mtu anaona yale maandishi yaliyogoma na kuyarekebisha kwa bidii. Zile zilizokubali hakuna anayezigusa, na ndizo zilizopinduka. Nilikuja kuwafundisha vijana kipimo kimoja kisichohitaji hesabu: panga tarehe zilizokubaliwa kwa siku ya mwezi. Kama hakuna mtoto hata mmoja aliyezaliwa baada ya tarehe 12, hao si watoto wa Sengerema, ni mipangilio ya kompyuta. Ukiziacha hivyo, utapata watoto waliochanjwa kabla ya kuzaliwa, na mtu mwingine atawafuta akiwaita data mbovu.

Namba za kaya zilitutesa kwa namna yake. Kijana akioa na kujenga pembeni ya wazazi, kaya ya 12 inazaa 12A, kisha 12B. Kiunganishi cha zamani cha Microsoft kilichotumiwa na programu nyingi kusoma Excel kilikuwa na tabia ya kutazama mistari minane ya juu ili kukisia safu ni ya namba au ya maneno. Minane ya mwanzo ikiwa namba tupu, 12A iliyokuja mstari wa hamsini ilifanywa kisanduku kitupu, bila onyo. Ndoa mpya zote za kijiji zinatoweka kwenye data. Readxl leo hutazama mistari elfu moja na hutoa onyo, maendeleo hayo nayapongeza, ingawa onyo analisoma nani? Na zipo kaya zilizoharibika kabla hata hazijaondoka Excel. Mtu wa tatu wa kaya 12E aliandikwa 12E3, Excel ikaona namba ya kisayansi, ikaweka elfu kumi na mbili. Kaya ya 2-5 ikawa tarehe tano Februari.

Nilidhani hayo ni mambo ya madodoso ya vijijini, hadi niliposoma yaliyowapata wataalamu wa jeni. Kuna jeni zilizoitwa SEPT2 na MARCH1. Excel ilizigeuza kuwa Septemba na Machi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba takriban makala moja kati ya tano zilizoambatisha orodha za jeni kwa Excel zilikuwa na makosa ya aina hiyo, tena kwenye majarida yenye jina. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina yenyewe: SEPTIN2, MARCHF1. Wamebadilisha lugha ya sayansi badala ya kushindana na programu ya ofisi. Kitufe cha kuzima baadhi ya mageuzi hayo Excel ilikuja kukiweka mwaka 2023.

Na sisi Wabantu tuna letu. Katika R, amri ya read.table kwa kawaida yake huchukulia alama ya ritifaa kuwa ni mwanzo wa nukuu, na ikishafungua nukuu huendelea kumeza kila kitu hadi ikutane na ritifaa nyingine. Sasa nenda nayo Usukumani. Kuna kata ya Ng'hoboko, kuna wilaya ya Nyang'hwale, kuna mama Ng'washi, kuna ng'ombe watatu. Ritifaa ya Nyang'hwale inafungua, mistari inamezwa yote kama jina moja refu la mahali, ritifaa ya Ng'washi kwenye dodoso la mbali huko inafunga. Programu haikatai. Pengine inanong'ona kuwa faili limeishia ndani ya nukuu, na hiyo ni pale tu ritifaa zinapokuwa witiri. Zikiwa shufwa hata mnong'ono hupati. Faili la maelfu ya kaya linaingia likiwa pungufu, na walioondoka ni wale waliokaa kati ya ng' moja na nyingine. Aliyeiandika amri ile huenda hakuwahi kuona ng'. Dawa ni maneno machache ya kuiambia isijali nukuu, lakini lazima kwanza ujue kuna mgonjwa.

R ilikuwa na kingine. Hadi toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, safu ya maandishi ikisomwa ilifanywa makundi yenye namba za siri. Safu ya umri yenye "hajui" moja ilihesabiwa kuwa maandishi. Mchambuzi akiirudisha kuwa namba kwa njia ya mkato, hakupata umri, alipata nafasi ya umri huo kwenye orodha. Mama wa miaka 45 anakuwa na 31. Uzuri wa uongo huo ni kwamba unaaminika.

Tulipoanza kushirikiana na wenzetu wa Bujumbura, mafaili yao ya CSV yaliingia yote kama safu moja nene. Kompyuta zao zilikuwa na mipangilio ya Kifaransa: mkato ni wa desimali, kwa hiyo safu hutenganishwa kwa nuktamkato. Hilo lilitatuliwa kabla chai haijapoa, na nalitaja kwa sababu ndilo kosa la mwisho ninalolikumbuka kwa upendo. Lilionekana.

Zikaja simu. ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, na baadaye KoBoToolbox, zilimwezesha mdadisi kujaza dodoso kwenye skrini, data ikapanda kwenye seva na kushuka kama CSV safi. Karatasi zikafa, makarani wa kuchapa wakahamishiwa kazi nyingine, na kwenye kikao kimoja ilisemwa kwamba matatizo ya kuingiza data sasa ni historia. Nilikubali. CSV ile ilikuwa safi kweli, hadi mtu aibonyeze mara mbili. Ukibonyeza CSV mara mbili inafunguka Excel, na Excel ya wakati huo haikuulizi chochote: sifuri ya mbele ya 0754 inaanguka, namba ya simu inayoanza na 255 inaonyeshwa kama 2.56E+11, na ukihifadhi, kinachohifadhiwa kwenye CSV ni kile kinachoonekana. "Nilikuwa naangalia tu," ndivyo kila msimamizi wa wilaya atakavyokwambia, na anasema kweli.

Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, ndicho kilichokomesha mjadala kwetu. Namba yake ina tarakimu 20. Excel hushika tarakimu 15 na zilizobaki huzifanya sifuri. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole uliposhika kasi, kila mtu akawa na namba hiyo mfukoni, na wafadhili wakapenda itumike kuunganisha mtu wa kliniki na mtu wa kijijini. Namba zilizopitia Excel bila vistari zikarudi zikiwa na sifuri tano mkiani. Watu waliofanana tarakimu 15 za mwanzo, kuanzia siku ya kuzaliwa, wakawa mtu mmoja mwenye mimba mbili na vijiji viwili. Programu ya takwimu iliwaunganisha bila kusita, kwa maana namba ni sawa.

Mwaka 2020 habari ikatoka Uingereza. Taasisi ya afya ya umma ya huko ilikuwa ikipokea majibu ya vipimo vya korona na kuyapitisha kwenye faili la Excel la umbo la zamani, lile la mistari 65,536. Jibu moja lilikuwa likichukua zaidi ya mstari mmoja. Faili likajaa, lililobaki likamwagika nje, na wagonjwa 15,841 wa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, wala waliokutana nao hawakutafutwa mapema. Nilimpigia mama mstaafu nikamsimulia. Aliuliza swali moja: maabara zilituma mangapi?

Swali hilo ndilo lililokuwa limetutoka. Wakati wa karatasi, idadi ilijulikana kabla ya data kuingia, kwa sababu mtu aliishika kwa mikono na kuiandika. Wakati wa simu, idadi tunaipata kwenye faili lenyewe, yaani tunamuuliza mshitakiwa kama aliiba. Tukarudisha utaratibu, safari hii bila kitabu. Kila mdadisi hutuma jioni idadi ya madodoso aliyokamilisha kwa ujumbe mfupi, kwa njia isiyopita kwenye seva. Faili la asili linafungwa lisiandikike. Tunalisoma safu zote kama maandishi kwanza, tunahesabu mistari, tunapima urefu wa kila namba ya utambulisho, ndipo safu moja moja zinaruhusiwa kuwa namba au tarehe, na kila moja iliyoshindwa kugeuka inachapishwa kwenye orodha. Vijana wanaona ni uzee. Wana wasaidizi wa akili mnemba wanaowaandikia msimbo wa kuingiza faili kwa dakika moja, na msimbo wenyewe, lazima niseme, huwa mzuri kuliko wangu. Unafungua faili bila tatizo.

Kinachobaki hakimo kwenye msimbo. Juzi lilikuja faili la zahanati moja, la mkono, la Excel, kliniki ya wajawazito. Kijana akaliingiza, mistari ikalingana na rejista, kila kitu sawa. Nikamwomba alifungue kwa Excel lenyewe. Mistari kadhaa ilikuwa imepakwa njano. Rangi haiingii kwenye Stata wala R kwa njia ya kawaida. Inayoingia ni thamani ya kisanduku. Na mimi nimeona zahanati ambako njano ilikuwa ndiyo rekodi pekee ya mama aliyefariki, kwa sababu fomu haikuwa na safu ya kuandika hivyo. Kwa hiyo nikapiga simu.

"Habari za kazi, sista. Naulizia wale akina mama waliopakwa njano kwenye faili lako."

"Njano?" Akacheka. "Hao ni wa barabara ya bondeni, kaka. Mvua ikinyesha hawafiki. Nimewawekea njano ili nijue wa kuwapigia kwanza."

Kijana alikuwa amesikia. Akarudi mezani kuongeza safu, akiuliza aiite jina gani.